Fimbo Ndani ya Mbolea

Mubi, siku ya mvua

Mudogo wangu, Mama Neema,

Salamu kutoka huku mu pori. Uko namna gani? Magoti yako je? Baridi ya mulima imeacha kukuuma, ao ungali unalala na jiwe la moto ndani ya kitambaa? Neema na watoto wake wanakula? Ng'ombe wetu Bihogo anakamuliwa? Jibu yote, usichague. Mimi, nikisema niko muzima nitakuwa nimedanganya, na ku hii barua sitaki uongo hata kidogo. Uongo tumekwisha kuutumia wote. Mwili unatembea. Chakula ninakula kama muntu anayelazimishwa. Njo vile.

Anayeandika ni Espe, mutoto wa marehemu mwana wangu Yohani. Unajua mimi shule niliiona kwa dirisha tu, nikipitisha ng'ombe. Nimekaa nyuma yake ku kiti cha plastike, ninasema, yeye anafinya vibuto vya ordinatere, ile kompyuta ya kazini kwake. Nimemuambia: andika vile ninasema, usininyooshee maneno kama nguo ya kwenda ibada. Amesema, "Ndiyo, Tate," vile ananiita mimi bibi yake. Lakini iko analia, na vile analia anakosa herufi. Kama Neema atakusomea na kukuta neno limepinda, ni chozi, haiko ujinga.

Ile siku simu ilirudi kushika, uliuliza Espe juu yangu, dada yako mukubwa: "Nani alimuambia Yaya? Ni nani huyo mwenye mudomo?" Mudogo wangu, acha kutafuta mudomo. Usigombeze mama wa fromaji, ule muchuuzi wa jibini aliyeniletea muzigo wako. Usimuangalie Neema vibaya. Hakuna muntu alinifungulia kinywa. Kwamba Muzee wangu, bwana yangu, amekufa, kwamba mulimuzika na mukaninyamazia, niliambiwa na rangi. Rangi nyekundu. Keti chini, nitakueleza.

Unajua vile nilikuja huku. Nilikuja kushika mutoto wa Espe, kumuogesha, kumukanda mama yake na maji ya moto, kazi ya kila bibi. Nilisema: mutoto akikaa peke yake bila kuanguka, ninarudi. Nilibeba vitenge viwili na kikapu. Muzee alinisindikiza mpaka pale njia inashuka, akasema: "Usikae sana. Chakula ya Neema haina chumvi." Njo neno la mwisho alinipa macho kwa macho. Chumvi. Kuoana vile vyote, kuzaa, kuzika, kukimbia na kurudi, na neno la mwisho likawa chumvi.

Mutoto alikaa. Akatambaa. Akasimama. Na barabara nyuma yangu ikafungwa na vita, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Leo ule mutoto anakimbiza kuku, na mimi niko bado huku.

Huku ni muti juu ya muti. Jua linafika chini likiwa limechoka. Mvua inapiga bati mpaka muntu hasikii maombi yake mwenyewe. Ni pikipiki, ni makamio ya mizigo, ni vijana wanaotoka mu machimbo na udongo mpaka mu masikio. Ng'ombe hakuna. Maziwa iko ya unga, mu vifuko, nilionja, nikamuuliza Espe: "Hii ni maziwa ao ni chokaa ya kanisa?" Wanakunywa, wanasema ni maziwa. Mugeni hafundishi watu maziwa.

Na kila mara tulikupigia simu, unasema: "Yaya, Muzee iko mu malisho ya juu, kule rezo ya simu haifike." Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa. Mara ingine nikakuambia: "Huyo muzee anachunga mawingu? Hata kuku anashuka kulala!" Ulicheka. Ulicheka, mudogo wangu. Sasa ninajua ile kicheko ilitoka wapi na ilikukata namna gani mu koo.

Njo nikaanza kuogopa, na sikukuambia. Nilitaka kitu kimoja tu: kumuona. Nikasema nitumie foto ya nyumbani, na Muzee ndani yake. Simu yangu mimi ni ya tochi, haijui foto. Ya Espe iliibiwa ku soko. Njo ukatafuta ule kijana wa foto kule Kirotshe, na wewe ukafanya kile ulifanya.

Mama wa fromaji alifika amelowa kama taulo. Ndani ya fromaji moja mulikuwa mumekata shimo, na ndani ya shimo, mu plastike, ile kidude kidogo wanaita kle, chenye kubeba foto. Nilisema kweli huyu ni mudogo wangu, amewashinda wote wenye kuchokonoa mizigo ku barieri, pale wanazuia barabara. Fromaji tuliikula, shimo na yote.

Espe anafanya kazi kwa Papa Kasereka, mufanyabiashara mumoja wa Butembo. Duka lake liko kando ya barabara: mbele ni sabuni, misumari na chumvi, nyuma ni kachumba ka fotokopi na ordinatere moja, na mashine ya kuchapa inayotoa rangi nyeusi tu. Espe akaingiza kle. Ekra, ile kioo yao ya kuangalia, ikafunguka.

Mudogo wangu, niliona nyumba yangu kama iko chini ya ziwa. Kila kitu rangi ya maji na majani. Uso wako, bulu. Meno yako, bulu. Neema kama muntu aliyekunywa sumu. Nikapiga kelele: "Yesu! Hawa ni nani?"

"Tate, tulia," Espe akasema. "Wao ni wazima. Ekra njo iko mugonjwa. Tangu paa ilivuja tukaihamisha, haionyeshi nyekundu. Watu wote wanakuwa vile."

"Wote?"

"Hata bibi-arusi wa juzi. Mashavu yake yalikuwa ya kijani. Bwana-arusi anataka kurudisha foto."

Papa Kasereka akaitikia kutoka mbele, ku sabuni yake: "Arudishe bibi-arusi! Foto yangu iko muzima!"

Nikasogea karibu mpaka pua inagusa kioo. Ulikuwa wewe, alikuwa Neema, walikuwa watoto wamesimama kama vijiti vya uzio. Muzee hakukuwa. Moyo wangu ukaanguka, nikasikia umefika chini. Nikatafuta ku mulango, nikatafuta ku dirisha, nikatafuta nyuma ya kichwa chako. Na njo nikaona.

Pale ku mulango wa lupango, ule uzio wa nyumba yetu, mukono wa kuume, kulikuwa fungu kubwa, refu, nyeusi. Juu yake fimbo imesimikwa. Fimbo ya Muzee, ile ya kichwa iliyopinda, yenye alama ya meno ya mbwa. Na kando ya fungu, ng'ombe nyeusi ambaye sikumujua.

Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Tate, unacheka nini?"

"Babu yako iko mu nyumba! Anakimbia foto, ule mupumbavu! Angalia mbolea yake, angalia!"

Mudogo wangu, wewe ulikuwa mudogo sana, lakini hadithi unaijua. Siku baba yetu alienda kuona kwao na Muzee mbele ya kunitoa niolewe. Wazee wengine wanauliza ng'ombe ngapi. Muzee, wakati ule kijana mwembamba wa masikio makubwa, akasema: "Baba, muntu anaweza kuazima ng'ombe ya jirani akaisimamisha mu lupango siku ya wageni. Mbolea haiazimiwe. Usinihesabie ng'ombe, angalia mbolea yangu." Baba akaenda ku mulango, akakunja shati, akaingiza mukono ndani ya lile fungu mpaka ku kiwiko. Akarudi nyumbani anatoa mvuke kama chungu, akasema: "Huyu ni muntu." Niliolewa kwa mbolea, na sikujuta. Wenzangu waliniimbia nyimbo za kunichokoza mpaka nikazaa Yohani. Waimbe. Bustani yangu ilikuwa na kabichi kubwa kuliko vichwa vyao.

Na tabia yake ya fimbo, nani haijui kwetu? Kila mara akifika nyumbani, mbele ya kuingia kunywa maziwa, anaisimika mu mbolea. Fimbo iko mu mbolea, Muzee iko ndani. Fimbo haiko, Muzee iko ku ng'ombe. Wageni hawakupiga hodi kwetu, waliangalia mbolea. Hata muchungaji. Ile fungu njo ilikuwa kengele yetu.

Basi ile siku nilikula. Nilipika fufu, nikamaliza, nikaramba mukono. Nikaenda ku maombi ya wamama nikawaambia: "Muzee wangu iko muzima, ameongeza ng'ombe, nyeusi. Mbolea imefika ku kifua cha muntu." Wakanipigia vigelegele. Mudogo wangu, walinipigia vigelegele.

Kama ningesimama pale, leo ningekuwa bado ninamutengea Muzee maneno ya kumupasha. Lakini unanijua, mimi sishibi. Nilitaka kuona ile ng'ombe nyeusi vizuri, iko na nyota ku paji ao hapana. Nilitaka uso wako na damu yake. Nikaanza kumusumbua Espe asubuhi na jioni: "Ponyesha ile mashine." Mimi mwenyewe njo nililazimisha. Hakuna muntu alinisukuma.

Espe akaanza ku foto zenyewe, pengine ule kijana wa Kirotshe aliziharibu. Akafungua foto ingine, ya zamani, ya bwana yake na shati nyekundu. Shati ikatokea nyeusi. Akasema: "Foto hazina kosa." Akazima ordinatere yote, akaiwasha tena, na ile picha ya kwanza inayotokea wakati mashine iko inaamuka, muntu hajagusa kitu bado, nayo ilikuwa ya maji-maji. Akasema: "Basi haiko hata kitu kimefunguliwa vibaya ndani. Ugonjwa uko ndani ya ekra, ao njiani kati ya ekra na sanduku."

Chini ya ekra kuko vibuto. Akafinya, mistari mitatu ikatokea: nyekundu, kijani, bulu. Akapandisha nyekundu mpaka ikakosa pahali pa kwenda. Hakuna kitu.

"Punguza zile zingine," nikamuambia. "Pengine zinamukalia mwenzao."

Akapunguza. Tukapata giza.

"Tate, nitafanya nini na wewe?" akasema, lakini alicheka. Akarudisha yote vile ilitoka ku kiwanda. Hakuna kitu.

Papa Kasereka akaja na kalamu yake ku sikio. "Mama, hii ekra niliinunua mimi mwenyewe Butembo, ingali ndani ya plastike yake. Haiwezi kugonjwa."

"Na wewe mama yako alikuzaa muzima, Papa. Leo si uko unakohoa?"

Akasonya, akaipiga kofi ku ubavu, vile muntu anapiga punda. Na pale, muda wa kufunga jicho, nyekundu ikapita. Wote tukaiona.

"Piga tena!" nikasema.

"Mama, sasa unataka niiue?"

"Acheni wote wawili," Espe akasema. "Haiko kofi. Ni kabulo imetikisika."

Kabulo ni ile kamba nene inayobeba picha kutoka ku sanduku mpaka ku ekra. Alizima kila kitu, akafungua skru zake mbili, akaichomoa, akatuonyesha kichwa chake. Ndani kuko vijino vya chuma, vyembamba kama sindano, vimepangwa mistari. Kimoja kilikuwa kimelala. Ile siku paa ilivuja walibeba vyote mbio, na Papa Kasereka alichomeka gizani, akasukuma kama muntu anafunga mulango juu ya mbuzi. Jino moja likakosa shimo lake, likapinda. Espe akasema kila rangi iko na jino lake, na ile iliyolala njo inabeba nyekundu.

"Kumbe ni mimi," Papa Kasereka akasema.

"Ni wewe na Butembo yako," nikamuambia.

Espe akatoa wino mu kalamu ya Papa, akabaki na kamurija. Akavalisha kamurija ku lile jino, akaanza kulinyanyua, polepole, kama kumuinua mutoto asiamuke.

"Likikatika?" nikauliza.

"Tutangoja kabulo ingine, siku barabara itafunguka."

Siku barabara itafunguka! Niliomba, mudogo wangu. Nilimuomba Mungu juu ya jino la chuma. Nilisema: Bwana, umenikatia njia, umenikatia ng'ombe, usinikatie na hiki kijino. Alinisikia. Ni maombi mingi nimeomba mu maisha yangu, na ile njo alijibu mbio kuliko zote. Ningependa ile siku angekuwa na kazi ingine.

Jino likasimama. Espe akachomeka, akafunga skru, akawasha. Wekundu ukarudi. Papa Kasereka akainua mikono: "Imepona! Bwana-arusi aje sasa!" Espe akafungua foto zako. Ukatokea wewe, uso wako na damu yake, kilemba chako cha rangi ya matofali. Nikalia kwa furaha. Nikasema: "Haya, sasa nyumba. Nionyeshe mali ya Muzee."

Ng'ombe nyeusi hakukuwa nyeusi. Alikuwa Bihogo. Bihogo wetu, nyekundu ya giza, kama maharagwe yaliyoiva, na pembe yake ya kuvunjika yenye ilikuwa imejificha mu ule weusi. Peke yake. Nikasema, si kitu, hakununua, si kitu.

Kisha macho yangu yakaenda ku mbolea. Mbolea ilikuwa nyekundu.

Mudogo wangu, mbolea haina wekundu. Mbolea mupya ni kijani, ya zamani ni nyeusi. Hata udongo wa juu kwetu ni mweusi, wewe unaupanda kila musimu. Ule mwekundu unalala chini. Jembe la maharagwe haliufikie. Unatoka tu wakati watu wanachimba mpaka mwenye kuchimba amezama kifua. Na hakuna muntu anachimba vile ku mulango wa lupango kwa kutafuta viazi.

Ilikuwa fungu refu. Urefu wa muntu. Na fimbo ilikuwa upande wa kichwa.

Sikupiga kelele. Espe alikuwa anasema: "Tate, ona vile iko mazuri, ona rangi!" Yeye hajui udongo, amekulia ku bati na ku barabara. Papa Kasereka njo alielewa wa kwanza. Kwao pia wanachimba. Aliangalia ekra, akaniangalia mimi, akavua kofia. Akashika ile kabulo kwa vidole viwili.

"Mama," akasema polepole, "niichomoe?"

Kama muntu anayeuliza: nimufunike? Nikamuambia: "Iache. Iache nyekundu."

Espe alikupigia na simu ya Papa. Nilikuuliza neno moja: "Fimbo yake inafanya nini pale?" Na nikangoja. Nilingoja useme iko mu malisho ya juu. Ungelisema, mudogo wangu, ningejilazimisha kuamini, ningesema macho yangu ni mabaya, ekra ni mugonjwa tena. Haukusema. Nilisikia unavuta pumzi, nikasikia Neema nyuma yako anaanza kulia, na rezo ikakatika. Njo vile nilipewa habari ya kifo cha bwana yangu.

Nilikukasirikia. Nilikaa chini mu kile kachumba nikakutukana, wewe na Neema na yule kijana wa foto. Nimemuambia Espe aandike yale matusi, amekataa. Basi ujue tu yalikuwako, na yalikuwa marefu. Mulininyima kilio changu. Muntu wangu amelala mu udongo, mimi niko huku ninakula fufu na kupigiwa vigelegele. Nani alimufunga macho? Nani alimuogesha? Ule mugongo wake, pale alipigwa na ng'ombe ya kwanza, nani alijua kwamba pale hapasuguliwe kwa nguvu?

Papa Kasereka aliniletea kiti, nikakataa kiti. Akaketi chini na mimi, na suruali yake ya biashara. Akauliza: "Mama, wangekuambia, ungefanya nini?"

"Ningeenda."

"Na njia gani?"

"Na miguu."

"Ku ile barabara?"

Ananijua siku kidogo, wewe unanijua tangu nilikubeba ku mugongo. Ningeshika kikapu na ningeingia mu pori ile ile jioni, na hakuna muntu wa kunizuia, na leo mungekuwa munatafuta na mimi nilianguka wapi. Ulinidanganya juu ulitaka nibaki ku dunia. Nimekuelewa. Kukuelewa hakujaniondolea kitu, lakini nimekuelewa. Ule kicheko wa mu simu, nimekusamehe. Na ile kuwapanga watoto wote mbele ili wafunike fungu, na hawakulifunika vizuri, nimekusamehe nayo. Wewe tangu utoto haukujua kuficha kitu, hata kipande cha nyama ulikuwa unakificha na mafuta ku shavu.

Wamama wa maombi walikuja, wale wale wa vigelegele. Waliingia, wakaketi chini, wakalia na mimi mpaka sauti zikaisha. Mumoja alinishika mikono akasema: "Mama, samahani kwa ng'ombe nyeusi." Nikamuambia haikuwa kosa lake. Papa Kasereka alifunga duka siku muzima, na unajua kwa muntu wa Butembo kufunga duka ni kama kufunga pua. Alileta sukari na majani ya chai. Mutoto wa Espe alikuja kunipapasa uso, akalamba machozi, akasema neno lake moja analolijua: "Munyu." Chumvi, mudogo wangu. Nilimukamata nikamubana mpaka akalia naye.

Sasa unijibu, na usinipambie. Alikuwa mugonjwa, ao walimupiga? Ilianza wapi, ku kifua? Alilala siku mingi ao aliondoka mbio kama tabia yake? Zile ng'ombe zingine ziliibiwa mbele ya kifo chake ao nyuma, ni uchungu wao njo ulimuua? Chakula ya mwisho ilikuwa gani? Ilikuwa na chumvi? Na aliniita? Kama hakuniita sema hakuniita, nitavumilia. Kama aliniita, sema aliniita namna gani, jina langu la usichana ao Mama Yohani.

Na neno lingine. Ku foto hakukuwa na musalaba. Najua muliutoa kwa ajili ya macho yangu. Urudishe. Lakini fimbo musiiguse.

Na kuna kazi ninakupa, wewe na Neema. Usiseme Yaya amechanganyikiwa. Kila asubuhi mukimaliza kukamua, mukombe mavi ya Bihogo, mubebe na karai, muimwage juu ya lile fungu. Kila asubuhi. Ng'ombe mumoja, najua, itakuwa kidogo-kidogo. Haina shida. Mimina mpaka ule wekundu ufunikwe, mpaka majani yaote, mpaka iwe nyeusi, kubwa, vile niliiona mara ya kwanza. Majirani wakicheka, wacheke. Waambie yaya yako aliolewa pale. Waambie muntu hahesabiwe kwa kile anaazima. Muchungaji akiuliza, mukumbushe naye alikuwa anaangalia pale mbele ya kuingia.

Umusalimie Neema, na umuambie simukasirikii, lakini ajifunze kutia chumvi. Salimia watoto wake, wale vijiti vya uzio. Salimia muchungaji aliyemuombea. Salimia wale vijana wa jirani waliochimba mpaka kifua, uwape maziwa ya asubuhi moja, waambie ni mimi. Mugusie Bihogo ile pembe ya kuvunjika.

Espe ameacha kuandika. Ameniuliza: "Tate, niweke salamu kwa Babu, kama siku zote?"

Andika. Na Muzee, pale ku mulango, mumusalimie sana. Mumuambie mutoto amekaa bila kuanguka. Mumuambie mimi niko ninakuja, barabara ikifunguka, sitakimbia. Nitafika pale njia inapanda, sitapiga hodi, nitaangalia mbolea. Fimbo ikiwa ndani yake, nitajua iko nyumbani.

Ni mimi yaya yako,
Mama Yohani, muke wa Muzee